Mrija wa Ikapel

Nilipoolewa Amagoro, mpakani mwa Kenya na Uganda, nilikuta nyumba ambayo siasa ndiyo kitoweo chake cha Krismasi. Baada ya misa na chakula, chungu cha pombe ya wimbi kiliwekwa katikati ya sebule na kumiminiwa maji moto. Kila mwanamume alichomoa mrija wake mrefu darini, akautumbukiza.

Baba mkwe wangu, mzee Paulinus, alikaa kati ya wanawe wawili. Mume wangu Omoding, karani wa reli pale Malaba, alikuwa wa chama cha jogoo, ndicho kilichoshika serikali. Mdogo wake Ikapel, mkulima wa pamba kule Adungosi, hakukosa chama cha kumpinga jogoo. Nikileta kuku tu, anaanza.

"Asante, shemeji. Leo tunatafuna chama ya bwana yako!"

Basi hapo kelele mpaka barabarani. Wapita njia waliingia kuamua kesi, wakaishia kunywa. Mzee alilalamika, "Siasa hapana kwa chungu!" huku akicheka mpaka mrija unamponyoka. Jamani, niliipenda nyumba ile.

Mwaka wa sitini na sita Ikapel alikuja na chama kipya, cha ndume. Wakabishana kama kawaida, kisha mume wangu, ulimi ukamteleza.

"Watu wa ndume wavuke mto, warudi Uganda kwa mama yao!"

Mama yao wote wawili, marehemu, alizaliwa ng'ambo.

"Si ni mama yako pia?" Ikapel aliuliza polepole. Akachomoa mrija wake chunguni, akaupangusa kwa shati, akaenda nao. Kwetu, mtu akienda na mrija wake amehama chungu.

Krismasi mbili hakuja. Niliacha kigoda chake palepale, na Omoding alikiruka kwa macho kama mtu anayekwepa deni. Kiburi cha wanaume kinanichosha. Nilimwambia mume wangu waziwazi kwamba nyumba yake imekuwa matanga.

Mwaka wa sitini na tisa serikali ikapiga marufuku chama cha ndume, ikawatia wakuu wake kizuizini. Wiki ya Krismasi Omoding alichukua baiskeli bila kuniaga, akaenda Adungosi. Alirudi jioni, na Ikapel nyuma yake, mrija begani. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Siku yenyewe nikaleta kuku, nikasimama pale kusubiri.

"Asante, shemeji," Ikapel alisema. Akauinamia mrija wake.

"Pamba iko aje?" Omoding aliuliza.

"Iko sawa."

Walikunywa hivyo, kimya. Mzee aliwatazama mmoja mmoja.

"Hata jogoo hamtukani?"

"Mzee, hayo tuliacha," Ikapel alijibu, akiangalia barabara.

Omoding akainuka. Alifunga mlango, akashusha na komeo. Tangu niolewe sikuwahi kuuona mlango ule ukifungwa siku ya Krismasi. Alirudi akaketi, si mahali pake, bali karibu kabisa na mdogo wake.

"Sasa sema," alimwambia. "Nitukane."

Ikapel akasema, kwa sauti ya chini sana, "Leo tunatafuna chama yako."

Mzee aliomba arudie, hakusikia. Vichwa vitatu vikainama juu ya chungu, vikagusana, wakabishana kwa kunong'ona hadi pombe ikaisha. Nami nililia, kwa kuwa Ikapel amerudi, na kwa kuwa barabarani hakuna aliyetusikia.