Mgeni Ameshanawa

Mwenyekiti Nestory alikuwa na dawa moja ya watu wasumbufu: kuwapa cheo. Ndiyo maana wiki ile ya kuja kwa mgeni wa halmashauri, Mzee Wilibrodi alipokuwa anapita zake mbele ya ofisi ya kijiji, aliitwa ndani, akavutiwa kiti, akafanywa msimamizi wa chakula cha wageni.

"Maswali ya mkutano tumeshawagawia watu," Mwenyekiti alisema. "Wewe mzee wangu umesema mpaka umechoka. Safari hii simamia kuku."

Wilibrodi alimwelewa vizuri kabisa. Shule yeye aliishia darasa la tatu, lakini kuzijua hila za viongozi hakuhitaji darasa la nne. Kila mkutano alinyoosha mkono, na kila mkutano macho ya Mwenyekiti yaliuruka ule mkono kama mbuzi anavyoruka mfereji. Wote walijua atasema nini. Atasema darasa.

Darasa lenyewe lilikuwa nyuma ya shule: kuta nne, madirisha matupu, na juu mbingu ya Mungu. Wananchi waliambiwa wajenge boma, halmashauri itapaua. Wakajenga. Fransiska, mke wa Wilibrodi, alibeba maji ya kufyatulia tofali kutoka mtoni mpaka ndoo ikamchonga kipara utosini, na mwenyewe akawa anakionyesha kwa majirani kama nishani. "Siku bati likipanda," alikuwa akisema, "nitasimama humo ndani mvua inyeshe, niisikie inavyokosa pa kupita."

Bati halikupanda. Fransiska akatangulia mbele ya haki. Wilibrodi akabaki na nyumba isiyo na sauti, na tangu hapo hakumsamehe mtu yeyote anayetembea na muhuri mfukoni. Watoto walisomea humo humo bomani. Wingu likikaa vibaya wanakumbatia madaftari na kutimua mbio. Na Mwenyekiti, kila alipoulizwa na wakubwa, alijibu kwamba kazi inaendelea vizuri. Sasa mgeni anakuja, na mpango ulikuwa apokelewe ofisini, ahutubie uwanjani, ale ofisini, apande gari. Nyuma ya shule asifike.

Asubuhi ya siku hiyo Bertilla, mdogo wake marehemu, alikuwa jikoni akisonga ugali wa ulezi, jasho likimtoka.

"Shemeji, meza ya wageni tunaiweka ofisini?"

"Ofisini kuna joto."

"Joto? Mwezi wa tatu huu, Ufipa hii, na koti umelivaa?"

"Basi kuna baridi. Wewe songa ugali, meza niachie mimi."

Bertilla alimtazama, akatazama ule upande wa shule, kisha akafunika mdomo kwa kanga. "Dada yangu aliolewa na shetani," alisema, na akaongeza mwiko mbio.

Wilibrodi akamtafuta mtu wa kubeba naye meza, akampata Mayunga, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Walipofika kwenye lile boma, Mayunga akasita.

"Wewe Mfipa, mgeni unampeleka zizini?"

"Zizi lako lina paa?"

"Halina."

"Basi ng'ombe wako na watoto wetu wanasoma shule moja. Shika huo mguu wa meza."

Wakaitandika kitambaa cheupe alichokifuma Fransiska. Maua wakayaweka kwenye madirisha. Pakapendeza kama harusi. Wilibrodi akaangalia juu. Kulikuwa na wingu moja upande wa Ziwa Rukwa, dogo, halina haraka. "Na wewe," aliliambia, "usije ukawa kama halmashauri."

Mkutano ulikwenda kama Mwenyekiti alivyoupika. Mgeni, Bi Rahel, afisa mipango, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na viatu vya heshima. Aliwauliza wananchi kero zao kuhusu shule na huduma nyingine. Wa kwanza kati ya waliogawiwa maswali akasimama, akamuuliza kama safari ilikuwa njema. Wa pili akashukuru kwa barabara kuchongwa, ile iliyochongwa juzi kwa ajili ya gari la Bi Rahel mwenyewe. Wa tatu alisahau swali lake, akaomba apigiwe makofi, akapigiwa.

"Kijiji hiki hakina shida kabisa?" Bi Rahel alishangaa.

"Tunajitahidi, Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti. "Sasa tukapate chakula."

Hapo ndipo Mwenyekiti alipokosea. Alibaki nyuma kidogo kumweleza dereva mahali pa kuegesha gari, naye Wilibrodi akajitokeza na birika mkononi, adabu tupu. "Karibu, Mheshimiwa. Huku."

Nestory alipowafikia, jasho jembamba usoni, Bi Rahel alikuwa ameshakaa ndani ya zile kuta nne na maji ya birika yalikuwa yanamchuruzika vidoleni. Mwenyekiti naye akaletewa beseni. Afanyeje? Akanawa.

Na kule kwao, mtu akishanawa mikono mbele ya chakula hainuki mpaka ale. Ukiinuka umemtukana mpishi, na mama yake, na shamba ulikotoka ulezi.

Ugali ulipofunuliwa, tone la kwanza likadondoka katikati yake. Tone la pili likaipata miwani ya Bi Rahel. Lile wingu lilikuwa limeita ndugu zake wote.

"Mheshimiwa, tukimbilie ofisini!" Mwenyekiti alishanyanyua makalio.

"Kaa, Mwenyekiti," alisema Bi Rahel, akimega tonge. "Mimi bibi yangu ni Mfipa. Tumeshanawa."

Wakala. Mvua ya uwanda wa juu haina mzaha. Iligeuza mchuzi kuwa supu na supu kuwa mto. Dagaa wa Kirando, waliokaushwa juani kwa shida yote ile, wakaanza kuogelea upya. Mwenyekiti alikula kwa haraka kama anayeadhibiwa. Bertilla alisimama kwenye mlango usio na mlango akiuliza kwa upole kama waongezewe.

Bi Rahel akafuta miwani, ikalowa tena. "Mzee wangu, hapa ni mahali gani?"

"Darasa la tatu, Mheshimiwa."

"Na mvua ikinyesha hivi, watoto wanafanyaje?"

"Wanakimbia," alisema Wilibrodi. "Wenyewe bado hawajanawa."

Mama yule alicheka mpaka akapaliwa. Halafu hakucheka tena. Alimgeukia Mwenyekiti, matone yakimdondoka puani. "Kazi inaendelea vizuri," alisema polepole.

Mabati yalifika kabla masika hayajakatika. Siku ya kukabidhi darasa, Mwenyekiti alijipongeza kwa uongozi wake thabiti, kisha, kwa kuwa Bi Rahel alikuwepo na macho yake hayakumwachia nafasi, akampa Mzee Wilibrodi nafasi ya kusema.

Miaka yote aliisubiri. Maneno alikuwa nayo, makali, yamepangwa kama kuni za masika. Akasimama katikati ya lile darasa, akakohoa, akafungua mdomo, na mvua ikateremka.

Ikaangukia bati jipya kwa kishindo. Wilibrodi akapaza sauti, hakuna aliyesikia. Aliwataja viongozi mmoja mmoja na tabia zao. Wakawa wanatikisa vichwa kwa heshima. Mayunga aliweka kiganja sikioni. Bertilla alikuwa anacheka na machozi.

Mzee akanyamaza. Akainua uso. Mvua ilipiga, ikatafuta, ikazunguka pembeni, ikamwagikia nje. Hakuna tone lililompata. Alisimama hivyo kitambo, kofia mkononi, mpaka watu wakaanza kutazamana.

Kisha akamwinamia Bi Rahel sikioni.

"Sasa mwalimu hatasikika," alipiga kelele. "Tunataka dari!"

Mwenyekiti, aliyelisoma neno lile midomoni mwake, alimwita Bertilla upesi na kumkataza asimletee mgeni maji ya kunawa.