Gunia Lililolowa

Mkaa niliojaza kwenye chujio la maji la binti yangu haukuwa mkaa wa dawa. Ulikuwa mkaa mtupu, na yeye ana mimba ya miezi saba.

Kisima chao, yeye na mumewe, kimepakana na ua wa betri chakavu. Risasi ya betri, madini yenye sumu, imeingia majini, haionekani wala hainuki. Kazi yangu ni kuinasa. Nasaga mkaa, naulowesha kwenye maji ya chuma, nauosha, naukausha. Chuma kinaganda ndani ya vitundu vya mkaa, na risasi inanasa humo; huo ndio mkaa wa dawa. Mkaa mtupu unaondoa harufu. Risasi nyingi inapita.

Mpimaji wa maabara, mama asiye na mzaha, alinisihi niandike kila gunia. Nikamjibu mkono wangu ndio kalamu: wa dawa ni mzito, nanyanyua tu najua. Miaka tisa sijakosea.

Leo asubuhi mke wangu kaniuliza, "Baba watoto, hilo bati linalovuja utaliziba lini? Lile gunia ulilompelekea mwanetu lilikuwa limelowa chapachapa."

Kumbe uzito ule niliounyanyua ulikuwa wa maji ya mvua.

Nilimkuta binti yangu na kikombe mdomoni. Nikampokonya, maji yakamwagikia gauni.

"Baba! Umerukwa na akili?"

"Umekunywa mangapi?"

Akacheka. "Si wewe uliyesema ninywe sana? Vikombe sita kila siku, kama dozi."

Mumewe alikuwa mlangoni. Yeye hakucheka. "Baba mkwe, kuna nini?"

Nikawaambia. Binti akaketi taratibu, mikono juu ya tumbo. Mkwe wangu akajaza chupa kutoka kwenye chujio, tukaenda maabara.

Mpimaji alichovya kipimo chake, akasubiri. Nilihesabu misumari ya mlango wake mara mbili.

"Umepima kwa mkono tena?"

"Sema tu, mama."

"Risasi imezidi kiwango salama mara nne. Mpelekeni akapimwe damu, leo hii."

Mumewe kampeleka hospitali. Hakuniaga. Majibu ni wiki ijayo.

Nimerudi na kalamu nene ya mpimaji. Magunia yote sasa yana maandishi, mabaya kama ya mtoto wa darasa la kwanza, lakini yanasomeka. Kisha nikapiga hesabu ukutani.

Siku kumi na moja tangu nimpelekee gunia lile. Vikombe sita kwa siku. Sitini na sita.