Bomba la Kufika Lisbon

Siku za joto kali Baba alikuwa akiliogesha daraja. Alitoka kwenye kibanda chake cha mlinzi, mpira wa maji begani, akalimwagia lile daraja la kuinua kutoka ukingo huu hadi ule, polepole, kama mtu anayemwosha ng'ombe wa maonyesho. Chuma kikikaa juani hutanuka, na daraja likitanuka hata unene wa kidole halifunguki tena. Hapo mashua zinajipanga mferejini, magari yanapiga honi barabarani, na wote wanamtukana mlinzi. Mama ndiye aliyemfungulia maji na kuukunjua mpira usijisokote. Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia kwenye manyunyu mpaka nilowe chapachapa.

Watu wa huku Lisbon wakiniuliza niliwezaje kuondoka Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na kuja kuishi mbali hivi, daraja lile ndilo linalonijia kwanza. Niliondoka kwa sababu baba yangu alisema uongo mmoja mbele ya ukoo mzima. Na jamani, yule mzee alikuwa hajui kabisa kusema uongo.

Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Mama. Viti vilikuwa vimepangwa duara sebuleni, na kila aliyeingia, kwa desturi ya kwetu, alizunguka akitoa mkono na kumpongeza kila ndugu: hongera kwa mama yako, hongera kwa mkeo, hongera kwa wifi yako, mpaka amfikie Mama mwenyewe. Tulikula keki ya sukari ya waridi. Ilipoletwa kahawa ya pili, Mama alilipitisha kopo la biskuti mara moja, kila mtu akachukua moja, kisha akalifunga. Pa! Nyumbani kwetu kopo halikufunguliwa mara mbili, hata angekuja askofu.

Wiki ile nilikuwa nimeitwa Lisbon. Mimi ni fundi wa kukarabati vigae vya kale, kazi niliyojifunza karibu na kwetu, na Lisbon kuna mitaa mizima iliyovikwa vigae vinavyobanduka. Niliitaka mno kazi ile. Lakini Mama hapandi ndege. "Siingii kwenye kitu kinachoweza kuanguka," ndivyo alivyosema tangu nizaliwe. Treni nayo alishaikataa: siku mbili za kukaa, na nyonga yake mbovu. Dada yake Akke aliolewa New Zealand, akaishi huko, akafia huko, na Mama hakuwahi kuliona hata jiko lake. Kwa hiyo nilipomwambia habari za Lisbon hakukasirika. Alisema tu, "Basi nyumba yako sitaiona," akaendelea kumenya viazi.

Hasira ningepambana nayo. Kauli ile ilinishinda. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Jumatatu ningepiga simu nikatae, na nilikaa kwenye lile duara nikitafuna biskuti yangu kama mchanga.

Ndipo shemeji yangu Jelmer, mume wa dada, alipoanza habari za bomba la kusafirishia watu. Alikuwa mmoja wa vijana wanaolifanyia majaribio, na ukimpa nafasi hanyamazi.

"Ni bomba la chuma," alisema. "Hewa yote inanyonywa. Behewa linaelea kwa nguvu za sumaku, haligusi kitu, na hakuna upepo wa kulizuia. Kutoka hapa hadi Lisbon, saa mbili na kitu!"

"Na choo?" aliuliza shangazi Froukje.

"Saa mbili tu, shangazi!"

"Wewe bado kijana. Subiri ufike umri wangu ndiyo uniambie saa mbili tu."

Watu wakaangua kicheko. Mtu akauliza kuhusu madirisha, na Jelmer akajibu kwamba ndani ya bomba hakuna cha kutazama. "Kumbe mnatutuma kama vifurushi," shangazi akasema. "Mtubandike na stempu basi."

Mama hakucheka. Alikuwa ameinama mbele. "Na likianguka?"

"Litaangukia wapi, mama? Si liko chini tayari?"

Mama alikiweka kikombe mezani. Akageuka kumtazama Baba, na duara zima likageuka naye. Kwetu, Baba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu vitu, kwa kuwa alikuwa mtu wa "haiwezekani". Kila wazo aliligongagonga kwanza kama ukuta unaoshukiwa. Akisema jambo linawezekana, watu walikwenda kununua mbao.

"Sjoerd," Mama aliuliza, "kitu hicho kinawezekana?"

Mimi jibu nililijua. Siku tatu kabla yake nilikuwa naye darajani, na alikuwa amelitema bomba lile lote pamoja na Jelmer wake. Bomba la chuma, aliniambia, kutoka hapa hadi Ureno, juani! Litahitaji viungo maelfu, kila kimoja kiwe huru kucheza, na kila kimoja kibane hewa isipenye hata kidogo. "Hiki kidaraja kimoja tu kinanitoa jasho. Mwambie shemeji yako aje kuazima mpira wangu." Labda Jelmer alikuwa na majibu yake. Baba hakuwa nayo.

Alinitazama. Mara moja tu, kisha akatazama mapajani mwake. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Linawezekana, Baukje."

"Kweli?"

"Miaka kumi. Haizidi kumi na miwili. Tutakwenda pamoja, mimi na wewe."

Jelmer alikuja amejiandaa kwa vita, maskini, akakuta adui yuko upande wake. Mama alimkazia Baba macho kwa muda mrefu, mpaka shangazi Froukje akakohoa.

"Haya," Mama akasema. "Basi mtoto aende."

Nilibeba vikombe jikoni, nikajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, nikalia nacho.

Bomba halijajengwa. Jelmer bado anasema miaka kumi. Lakini kiangazi cha tatu tangu nihamie huku, katikati ya Julai, mlango wangu uligongwa, nikafungua. Mama alikuwa amesimama pale, ameegemea fimbo, nywele zimemganda kwa jasho. Nyuma yake alisimama Baba na mabegi yote, na uso wa mtu aliyezomewa njia nzima.

"Treni," Mama alisema kabla sijatamka neno. "Siku mbili na nusu! Ilisimama Ufaransa porini mchana kutwa. Unajua kwa nini? Joto. Reli zimetanuka! Nikamwambia baba yako: Sjoerd, shuka ukawamwagie maji."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. "Mama. Ulijua kuwa bomba haliwezekani?"

"Mpira ule nani alikuwa anaukunjua, miaka yote ile?"

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Alijishusha kwenye kiti changu cha jikoni, akashika nyonga. Macho yake yalikuwa yanapita ukutani, kwenye vigae, kwenye jiko, kwenye sufuria zangu mbili.

"Baba yako hajawahi kumdanganya mtu," alisema. "Nikaona, kama ameamua kuanza siku ile, lazima unaumia kweli."

Baba aligeukia dirisha, akalikagua komeo lake kana kwamba ameitwa kulitengeneza.

Nilichemsha kahawa. Mama alitoa kopo la biskuti kwenye begi, lile lile, akalipitisha, tukachukua moja moja. Halafu akaliweka mezani, kifuniko kando. Baada ya muda Baba akanyoosha mkono, akachukua ya pili, na Mama akamsogezea kopo karibu.