Rojo la Hooyo na Vidole vya Aabo

Mimi Ramla sijisifu ovyo, lakini leo mtanivumilia.

Aabo, baba yetu, alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Tangu tumzike hooyo, mama yetu, alikuwa akiishi kwangu mtaa wa Iftin, hapa Garissa, na kila jioni alikula matonge mawili ya chakula changu kisha akasukuma sahani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake angepanda basi kurudi Griftu, kwenye nyumba tupu, na presha yake hiyo inayopanda bila hodi. Kaka yangu Deeq alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikaenda kununua nyama.

Hooyo alikuwa na mkahawa wa mabati kando ya soko la mifugo la Griftu. Chakula kilikuwa kimoja tu: kima ya ng'ombe kwenye rojo zito, wali, na ndizi mbivu pembeni. Madalali wa ngamia, watu wanaodharau ng'ombe tangu utotoni, walikula kwake wakalamba vidole. Aabo alikuwa mmoja wao, mpaka akamwoa mpishi.

Kadar wa bucha alinionyesha mashine yake mpya. "Dada, hii inasaga fizuri kabisa, laini kama unga."

"Ndiyo maana siitaki. Nipe paja zima, na mifupa."

Ni mashine za namna hiyo zilizokuwa zimegeuza kima yangu uji siku zote. Hooyo alikatakata kwa kisu. Nami nikakatakata mpaka bega likaniomba msamaha. Nikachemsha mifupa. Nikakaanga kima kwa samli hadi maji yakauke, nikatia vitunguu, bizari na iliki. Unga wa ngano niliukaanga peke yake mpaka ukapata rangi ya udongo wa Griftu, kisha supu ya mifupa kidogo kidogo, huku nakoroga. Rojo likashika mwiko. Jamani, nilijipenda!

Deeq akachungulia. "Walaal, dada yangu, nani anapika humu?"

"Binti wa mwenye mkahawa. Toka."

Tukaketi kwenye sinia moja. Aabo alitia tonge la kwanza mdomoni, akasimamisha taya. Kisha akamenya ndizi, akala, akala tena, mpaka sehemu yake ya sinia ikang'aa. Akanawa mikono. Mzee huyo hajawahi kusifu chakula maishani mwake.

Basi nikasogea karibu naye, nikafunika mikono yetu kwa shali yangu.

Kule sokoni bei haitangazwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya nguo, vidole vikasema, na watu waliosimama pembeni wasijue kitu. Ni kazi ya wanaume, lakini aabo alinifundisha nikiwa mdogo, kwenye benchi la hooyo, kama mchezo.

"Kila kidole mwezi mmoja wa kukaa hapa," nikamwambia. "Taja bei."

Akanitazama sana. Kisha akanibana kidole kimoja.

Nikauvuta mkono. "Kwa kima hii, aabo? Haki?"

Akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. Akabana viwili. Nikatikisa kichwa.

"Mnafanya nini nyinyi?" Deeq akauliza.

"Biashara. Haikuhusu."

Akabana vitatu, na mimi nikakataa vitatu pia! Hapo akautazama mzigo wake. Nikaogopa nimeharibu kila kitu. Halafu akaukamata mkono wangu wote, vidole vyote kwa pamoja. Sokoni bei ikikubaliwa mkono huachiwa mara moja. Aabo hakuuachia.

"Hooyo wako naye," akasema, macho yamemlowa, "hakuwahi kunipunguzia."

Deeq akainuka kwenda kufungua mzigo.