Nusu ya Mazungumzo ya Mzee Ndalahwa

Wanawake wa jumuiya walikuwa kwa Mektilda, wakisali rozari pamoja na redio, ile milio ilipoingia tena katikati ya fumbo la tatu. Ti-ti-taa, ti-taa. Sauti ya padri ikamezwa.

“Mganga wa nyaya ameanza,” Minza alisema, wenzake wakacheka juu ya shanga zao.

Mektilda hakucheka. Yeye ndiye aliyepeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, na kesho vijana wangekuja kuushusha waya wa jirani yake, mzee Ndalahwa, uliotoka paani hadi kwenye mwarobaini. Mzee huyo alifanya kazi ya simu za upepo zamani, na tangu astaafu alizungumza na watu wa mbali kwa kugonga herufi za milio kwenye kidude mezani, kibali cha serikali kikiwa ukutani.

Kwa kumsikia kila jioni, Mektilda alikuwa ameuzoea mkono wake kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani. Siku za kawaida aligonga kirefu, akapumzika, akagonga tena haraka haraka kama anayecheka. Wiki hii ulikuwa mfuatano mmoja tu wa milio, mfupi. Anagonga. Kimya. Anagonga uleule.

“Anaita mtu,” alisema. “Na haitikiwi.”

Akashika ukuta, akanyanyuka, akatoka kwenda kwa mzee.

“Mwadila, baba,” alimsalimia mlangoni.

“Mwadila, mayu.” Ndalahwa alivua hedifoni. “Nimewakatisha sala? Vumilieni, kesho mtapumzika.”

“Unamwita nani?”

“Marcelo, yuko Mpanda. Tulifanya kazi chumba kimoja. Alipasuliwa koo, sauti ikaisha, na mtoto wa jicho hamruhusu kusoma simu. Amebaki na mkono na masikio. Waya ukishuka, atazungumza na nani?”

“Mbona hajibu?”

“Nadhani anajibu. Mlio wake uko chini sana, kuna mvumo unaufunika.”

“Mvumo wa nini?”

Mzee akaitazama penseli yake. “Achana nao, mayu.”

“Baba Ndalahwa, wa nini?”

“Wa inveta yako. Ukiwasha taa na redio, huku nasikia nyuki.”

“Na miezi yote hukusema!”

“Nimwambie mjane azime taa akiwa anasali?”

Mektilda alienda mlangoni, akapaza sauti hadi ng'ambo ya ua. “Minza! Zima inveta!”

“Tusali gizani?”

“Mungu anawaona hukohuko. Vinywa mnavyo, endeleeni!”

Dirisha lake likawa jeusi. Baada ya kunong'onezana kidogo, Salamu Maria ikaanza upya, safari hii kwa sauti zao wenyewe.

Ndalahwa aliinua mkono: nyamaza. Akamsogezea Mektilda sikio moja la hedifoni. Kulikuwa na mlio mwembamba kama wa mbu, na penseli ilikuwa imeanza kutembea.

“Unahesabu milio?” Mektilda alinong'ona.

“Ukihesabu unaachwa.” Mkono wake uliandika neno lililokwisha kupita, na sikio lilikuwa tayari kwenye linalofuata.

WAYA WANGU ULIANGUSHWA NA UPEPO, NATUMIA KIPANDE TU. NAKUSIKIA KILA SIKU. USIACHE KUITA.

Mzee alijifuta uso kwa kiganja. “Sasa nitamwambiaje habari ya kesho?”

“Usimwambie. Kesho mwenyekiti atanikuta mlangoni kabla hajanywa chai. Malalamiko nilipeleka mimi, nitayaondoa mimi. Saa ya rozari tutasali bila inveta, nawe utagonga utakavyo. Saa nyingine usiguse, watu wasikilize redio zao.”

“Sitagusa.”

“Haya, mwambie jirani yako anamsalimia. Muulize kama amekula.”

Ndalahwa aligonga. Wakangoja, macho yao wote wawili kwenye ncha ya penseli, hadi ilipogusa karatasi tena.

“Amekula ugali na samaki wa migebuka,” mzee alisoma. “Anasema chumvi ilizidi.”

“Basi hajambo,” alisema Mektilda, akavuta kigoda.