Kambare wa Kabati la Vioo

Mwaka ule wa themanini na nne, duka la Sadallah pale Babati mjini lilikuwa na kila kitu isipokuwa bidhaa. Mizani ilikuwepo, rafu zilikuwepo, na lile kabati refu la vioo, ambalo zamani lilijaa vitambaa na mafuta ya nywele, nalo lilikuwepo, tupu. Sadallah alifungua asubuhi, akakaa, akafunga jioni. Kisha akaacha kufungua. Akawa analala akiutazama ukuta, chakula hakigusi, na kwa kuwa binti yao Zena alikwisha kuolewa Kondoa, mkewe Mwamvita alibaki peke yake na hofu ya kuwa mjane wa mtu aliye hai.

Sasa sikiliza kilichomwinua. Hatibu mvuvi alipita na ndoo ya kambare wazima kutoka ziwani. Sadallah akachungulia ndoo ile kwa muda mrefu, halafu akauliza kama samaki hao wanaweza kuishi ndani ya vioo. Kesho yake fundi Severine alikuwa dukani, anaziba pembe za kabati kwa nta ya nyuki iliyopikwa na ulimbo. Majirani walisema mzee wa watu amerukwa na akili. Mwamvita naye alidhani hivyo, lakini mumewe alikuwa ameondoka kitandani, na hilo lilimtosha.

Usidhani aliokota samaki yeyote tu. Kuchagua kulimchukua siku tatu kando ya ziwa, mpaka Hatibu akachoka. Mwenye wekundu tumboni aliumizwa na wavu, huyo hadumu. Mwenye sharubu zilizokatika hatapata chakula gizani. Aliyebonyea tumbo hali, na hatakula. Mwishowe akachukua jike mmoja, urefu wa mkono hadi kiwiko, sharubu nane kamili, ambaye ukimgusa mkia anageuka kukutazama. Chini alimtandikia mchanga uliochekechwa, kwa sababu kambare hulalia tumbo na kokoto humchubua. Maji yalikuwa ya mvua, nusu kabati tu, apate nafasi ya kupanda juu kuvuta pumzi. Juu akafunika wavu wa waya, maana kambare akichoka na nyumba huhama kwa miguu asiyo nayo.

Basi watu wakarudi dukani. Cha kununua hakuna, walikuja kutazama, na Sadallah akasimama tena nyuma ya kabati lake akiwaeleza. Jirani yao Philomena, mama yake Herieli, alikuwa mkulima kutoka milima ya Mbulu, na wazee wa kwao hawakula samaki. Yule asiye na magamba alimwita nyoka. Hakuvuka kizingiti hata siku moja, lakini kila asubuhi alisimama mlangoni kuuliza nyoka ameamkaje. Mwamvita yeye alimpachika samaki jina la Bi Mdogo. Akipita humwuliza mumewe kama mke mwenziwe amekula, na Sadallah hucheka. Wivu hakuwa nao hata chembe. Alimpenda yule samaki kwa kuwa alimrudishia mume.

Mwezi wa nane sabuni ikafika. Mche mmoja kwa kila kaya, kwa cheti cha balozi wa nyumba kumi, foleni tangu alfajiri. Mwamvita alikuwa hajashika sabuni miezi mitano. Alifua kwa majani ya mpapai, alioga maji matupu, na shingoni alikuwa na upele aliouficha kwa khanga. Alirudi na mche wake akiunusa njia nzima.

Nyumbani hakumkuta mtu. Sadallah alikuwa kijijini Nakwa, anamchimbia Bi Mdogo minyoo kwenye migomba ya rafiki yake. Mwamvita akalitazama kabati. Vioo vilikuwa vimeota utando wa kijani ambao mumewe alikuwa akiusugua kwa kitambaa bila mafanikio. Akautazama na mche wake. Kisha akaukata katikati. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Alimhamishia Bi Mdogo kwenye beseni, akasugua vioo, akaosha hata mchanga, mpaka kabati likang'aa. Akasuuza kwa ndoo mbili tu, kwani maji ya kiangazi hayachezewi, kisha akatia maji mapya na kumrudisha Bi Mdogo. Masikini Mwamvita! Nani angemlaumu? Hata mtoto mchanga huogeshwa kwa sabuni.

Sadallah aliporudi, povu jembamba lilitanda juu ya maji na samaki alikuwa akijipindua, ute ukimtoka mwilini.

"Umeosha kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa sabuni."

"Sabuni ipi?"

"Yangu, Baba Zena. Nusu yake."

Sadallah alimtia samaki kwenye beseni la maji safi, wakaanza kubadilisha maji, beseni moja likimwagwa jingine likijazwa. Pipa lao la maji ya mvua lilipokauka, Philomena alikuja na ndoo yake ya maji ya kunywa. Siku hiyo alivuka kizingiti, akamimina huku amefumba macho. Kabla ya magharibi Bi Mdogo akaacha kupanda kuvuta pumzi. Sadallah akamzika chini ya mgomba, akanawa, akaenda kulala akiutazama ukuta.

Mwamvita alipouona mgongo ule alilia. Hakumlilia samaki. Alilia kwa kuwa mumewe alikuwa amerudi pale pale alipotolewa, na aliyemrudisha ni yeye, kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi aliamshwa na mlio wa mbao za mlango wa duka zikiondolewa, moja moja. Akanyata hadi kwenye pazia linalotenganisha nyumba na duka. Sadallah alikuwa amesimama nyuma ya kabati. Ndani ya vile vioo safi alikuwa amepanga kitu kimoja tu, juu ya kitambaa: ile nusu ya mche iliyobaki. Philomena alikuwa mlangoni, anauliza bei.

"Haiuzwi, Mama Herieli," Sadallah akajibu. "Hii ni ya Mama Zena."

Akaitoa, akaja nayo mpaka kwenye pazia. Akaisogeza khanga ya mkewe kwa kidole na kuutazama ule upele.

"Siku zote nilikuwa natazama samaki," alisema. "Shingo yako sikuiona. Kaoge. Halafu twende kwa Hatibu, na safari hii uchague wewe."

Mwamvita akaoga, hakujibana. Na kabla ya kutoka kwenda ziwani, akasuuza mikono yake kwa maji matupu, mara tatu.