Kaezeka Ndugu Yangu

Lori la kuwahamisha watu lilisimama mbele ya nyumba ya dada saa tisa mchana, siku ambayo moto wa msituni ulivuka kilima, na dada hakupanda. Waliokuwa ndani ya lori wanalikumbuka hilo vizuri. Alitoka barazani na ndoo ya maji mkononi, akamwambia dereva awawahi wengine.

"Mimi niacheni. Nyumba hii kaezeka ndugu yangu."

Dereva alimbembeleza mpaka akachoka, akatia gia. Mume wa dada alikuwa mjini kununua mbegu, na binti yao alikuwa chuoni. Jua lilipozama, dada hakuwepo tena duniani.

Nduguye, fundi wa mapaa kwa miaka ishirini na miwili, alisimuliwa maneno hayo msibani. Mama jirani aliyemsimulia alidhani anampoza moyo.

"Alikuamini sana dada yako. Mpaka mwisho."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Watu walishangaa namna nyumba ile ilivyoungua. Dada alikuwa amefanya kila kitu walichofundishwa wakazi wa upande ule ambao kila kiangazi hulala jicho moja wazi. Alikuwa ameondoa paa la nyasi akaweka bati. Alikuwa amefyeka majani pande zote, akafagia uwanja mpaka ungeweza kuokota sindano. Moto ulifika ukingoni mwa uwanja, ukagawanyika, ukapita zake. Kuta za nje hazikushika hata masizi. Nyumba iliungua kuanzia ndani, na wengi wakasema ni mapenzi ya Mungu, wakaishia hapo.

Fundi peke yake hakushangaa. Bati la migongo likilala juu ya ukuta huacha matundu, kila mgongo na tundu lake, kiasi cha kupitisha ngumi ya mtoto. Na moto wa msituni hutanguliza cheche kabla haujafika wenyewe. Upepo huzibeba na kuzitafutia pa kuingilia. Ikiingia moja tu darini, kwenye mbao kavu na vumbi la miaka, basi. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake haondoki kabla ya kuyaziba matundu yote kwa saruji.

Kwa wateja aliyaziba yote. Mteja hupanda ngazi akakagua, mteja ana mdomo. Kwa dada aliziba mbele na ubavuni. Upande wa nyuma, juu ya chumba cha kulala, yalibaki thelathini na moja, na jua lilikuwa linazama dada alipoita kutoka chini.

"Shuka wewe, chai inapoa. Umekuwa popo?"

"Yamebaki ya nyuma."

"Kwani yanakimbia? Utakuja kumalizia. Hapa si kwako?"

Akashuka. Huko kumalizia kukangoja miaka mitatu, mpaka moto ukatangulia. Kila alipokwenda kumsalimu alikuwa amevaa nguo nzuri, au ana haraka ya kuwahi kwa mtu ambaye angelalamika. Dada halalamiki. Kazi ya ndugu iliweza kungoja, kwa sababu ndugu yupo tu.

Miezi minane baada ya mazishi shemeji yake, mume wa dada, alimwomba amwezekee nyumba mpya kwenye kiwanja kilekile. Fundi alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Alifikiri ataziba kila tundu, na huko kuziba kutakuwa ndiyo maneno yake, hatahitaji mengine.

Siku ya kazi walianza alfajiri. Shemeji alikuwa chini akimpokeza mabati, binti akiwa jikoni, kwenye kibanda walichojibanza tangu nyumba iungue.

"Shemeji, umezeeka. Zamani ulipanda ngazi kama paka. Leo unapanda kama paka aliyeshiba."

"Wewe lete bati, acha maneno."

"Nalileta. Ila ukianguka usiniangukie mimi, sina wa kuniuguza."

Shemeji alicheka, kisha akajisikia akicheka, akainama kuchukua bati jingine. Binti akachungulia kutoka jikoni.

"Mjomba, nataka paa zuri kama lile la mama."

Fundi alijifanya anatafuta msumari.

Kufika adhuhuri upande wa kaskazini ulikuwa umekwisha. Akachanganya saruji kwenye karai, akalala kifudifudi ukingoni na kuanza kuziba, tundu moja baada ya jingine, akishindilia kwa kidole gumba na kurudia lililokwisha kuzibwa. Shemeji akasimama chini na bati mikononi.

"Mbona leo unaziba kama una ugomvi na panya? Lile la kwanza hukuchelewa hivi."

Angeweza kujibu mzaha kwa mzaha. Ulikuwepo mdomoni, tayari. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Lile la kwanza sikulimaliza."

"Hukulimaliza vipi?"

Akaeleza. Hakurefusha, mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Shemeji akalilaza bati kwenye majani polepole, lisitoe mlio.

"Upande gani?"

"Nyuma. Wa chumbani."

"Nilikuwa nayaona," shemeji akasema. "Asubuhi jua lilikuwa linapita humo, linatua kitandani. Dada yako akisema fundi wetu katuachia madirisha ya majogoo. Mimi nikadhani ndivyo inavyojengwa. Fundi ni wewe."

Fundi alingoja kutukanwa. Tusi lingemsaidia. Shemeji alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

"Miezi minane nimelala. Si vizuri, lakini nimelala. Mke wangu aliuawa na moto, na moto hauna mwenyewe, huna wa kumdai. Sasa umeniambia aliuawa na kazi ya saa moja. Hiyo nitalala nayo vipi?"

"Nimeona si haki usijue."

"Haki." Shemeji akalirudia neno kama anayeonja chakula kilichochacha. "Umeniambia ili ulale wewe."

Ilikuwa kweli: pale juu, saruji ikimkauka vidoleni, fundi alikuwa amejihisi mwepesi. Wepesi ule ndio uliomtia aibu kuliko yale matundu. Alidhani ametua mzigo, kumbe amemtwisha mwenziwe.

"Shuka," shemeji akasema.

Akashuka. Wakasimama uso kwa uso, ngazi katikati yao.

"Huyu mtoto asijue. Mama hana. Abaki angalau na mjomba."

Binti akatokea na sahani mbili.

"Mbona mmekunja nyuso? Njaa?"

"Mjomba wako mgongo umemshika," baba yake akamjibu. "Anarudi kwake."

"Pole, mjomba. Si ule kwanza?"

"Nitakula nyumbani, mama."

Akakusanya nyundo, karai na kamba ya kupimia. Binti akamsindikiza mpaka barabarani, akimshika kiwiko kama mzee, akimpa maelekezo ya kukanda mgongo kwa maji ya moto. Alimwacha amshike.

Upande wa kusini uliezekwa wiki iliyofuata na fundi mwingine kutoka bondeni, kijana mwepesi, anasifiwa kwa kumaliza haraka. Binti humpigia mjomba simu kila mwisho wa mwezi kumwuliza mgongo unaendeleaje, na yeye hujibu kwamba unaendelea vizuri. Wamekwisha hamia. Vyumba vya kulala vyote viwili viko upande wa kusini. Kiangazi kimeingia, majani ya kilimani yamekauka tena, na fundi hajui kama yule kijana aliziba.